Mstari wa Tatu

Bwana Shaame,
nakuandikia kwa kalamu ya mwanangu ya skuli
maana simu yangu huipokei tangu mfunguo pili.

Kodi ya miezi sita nilikutia mkononi,
pesa za pishi, karafuu za shamba la mtu, Mtambwe.
Ukanihisabia mabati, madirisha, komeo jipya.
Hukunihisabia kilicholala humo kabla yangu.

Mvua za mwaka zilipoanza ndipo nyumba ikasema.
Chokaa ikavimba, ikabanduka magamba magamba,
na nyuma yake harufu,
si ya fungo, si ya choo, si ya panya aliyekufa:
tamu kidogo, kali kidogo,
inakaa kooni kama neno ulilokatazwa kusema.

Fundi Mcha alikwangua kwa kisu, akanusa, akarudi nyuma.
"Bibi wee, hili lilikuwa ghala la dawa."

Dawa!
Lugha yetu ina huruma mno.
Kinachomponya mtoto, dawa.
Kinachoua mende, dawa.
Na kilichovuja magunia miaka ishirini nyuma
kikazama sakafuni, kikapanda na ukuta,
hicho nacho dawa,
na sasa Nasra anakunywa dawa
kwa sababu ya dawa.

Mikono yake imetoka malengelenge.
Daktari wa Wete kaandika karatasi, nimeikunja humu.
Mtoto nimempeleka kwa mama yangu.
Mimi nalala barazani, godoro langu na chandarua,
nyumba niliyoilipia iko nyuma ya mgongo wangu.

Kwa sheha nilikwenda. Alinisikiliza hadi mwisho
akaniuliza kama nimepata pahala pa kuhamia.
Kila mtu ananiuliza hilo.
Wewe hakuna aliyekuuliza.

Ujumbe wako kwa Khatibu umefika:
"Asiyeridhika ahame, wapangaji tele."
Najua tele. Jana kaja mmoja kuchungulia,
mwanamke wa Micheweni, mimba ya miezi saba hivi.
Kaupenda ukuta wa mbele, ule uliopaka buluu juzi.
Nikamshika mkono, nikamsogeza karibu,
nikamwambia: nusa.

Hakusema kitu. Kachukua mkoba wake.
(Huyo nimekupotezea, Bwana Shaame. Na wengine watakuja.)

Mkataba wetu ni karatasi ya daftari, mistari minne.
Wa tatu unasema: *nyumba ya kukaa watu*.
Mwandiko wako huo, si wangu.
Sheria nyingi sizijui,
ila mstari wa tatu naujua kuusoma,
na nitausoma mbele ya hakimu, polepole,
kama anavyosoma mtoto wa darasa la pili,
neno kwa neno: nyumba. Ya kukaa. Watu.

Nataka kodi ya miezi minne iliyobaki,
gharama za hospitali,
na mlangoni kibao kinachosema humu mlikuwa na nini.

Mpaka hapo ufunguo ninao mimi.
Nimeufunga pembeni mwa leso
pale nilipokuwa nikifungia kodi yako.

Mpangaji wako,
Kazija binti Asaa