Mengineyo

Jumamosi, saa kumi jioni, karakana ya Keko Magurumbasi.
Randa zimezimwa. Vumbi la mninga
linashuka taratibu ndani ya vikombe vya chai.
Tumekaa juu ya vitanda visivyopata wateja,
watu kumi na wanane, ajenda moja:
luku ya pamoja, nani anakula umeme
kuliko anachochanga.

Mwenyekiti ni mimi. Walinichagua
kwa kuwa sauti yangu haipandi,
wakanikabidhi nyundo ya mbao, wakasema:
"Mtu akitoka nje ya reli, gonga."

Nikagonga.
Ng'wandu alianzia kwenye umeme, akahamia
kiwanja chake cha Chanika, mpaka uliosogezwa usiku,
kigingi alichokikuta kimelazwa majanini.
Ko!
"Ndugu, tuko kwenye luku."
Akakaa, kama msumari uliopigwa ukapinda.

Akasimama Kilumanga,
Kilumanga aliyenifundisha kushika patasi
bila kuviogopa vidole vyangu.
Luku aliitaja mara moja, kama mtu apigaye hodi
akiwa ameshafika sebuleni,
kisha akatupeleka uwanjani,
dakika ya themanini na tisa, penalti,
mwamuzi haoni, kibendera hakijui kunyanyuka.
Tulicheka. Mimi nilicheka wa kwanza.
Nyundo ilikuwa pajani, imelala kama paka.

Siwema, mpiga msasa,
hakusimama wala hakuomba nafasi.
"Mwenyekiti," akasema, "nyundo yako ina ndugu."

Kijiko kikaacha kukoroga.

Usiku ule nilipiga hesabu kitandani.
Ng'wandu: sekunde arobaini.
Kilumanga: dakika kumi na moja.
Yote mawili yalikuwa nje ya luku,
na moja tu kati yake lilikuwa linauma.
Nimekata mbao miaka tisa, najua:
futi haina shemeji.
Ubao wa tajiri wa Masaki, ubao wa jirani anayekopa,
inchi ni ileile.
Kwa nini basi maneno ya watu
niyapime kwa kiganja?

Jumamosi iliyofuata nikaegemeza kipande cha plaiwudi ukutani,
nikaandika kwa chaki: MENGINEYO.
Nikasema, hapa neno halitupwi.
Likipotea njia tunaliandika, na jina la mwenyewe,
tukimaliza la kwanza tunalisikiliza,
dakika mbili, Siwema atashika saa.
Na mimi nikipotea, nyundo ashike yeye.

Kilumanga hakuchelewa.
"Nilikuwa nawahadithia tu jinsi yule golikipa..."
Ko!
Nikaandika: *Kilumanga, mpira.*
Alinitazama kama fundi anavyomtazama mwanafunzi
aliyemrudishia kiti eti kinayumba.
Siku mbili hakuitika salamu yangu.
Siku ya tatu aliniazima gundi, bila neno.

Magharibi ikikaribia, luku ikapata jawabu
(friji ya soda ya Msangi, naye alikiri akicheka),
nikaugeukia ubao.
Juu kabisa, kabla ya mpira, kabla ya wote,
nilikuwa nimeandika mwenyewe asubuhi, mkono haujatulia:
*Ng'wandu, mpaka.*

"Ndugu Ng'wandu, dakika mbili zako."

Siwema akabonyeza simu. Namba zikaanza kukimbia.
Ng'wandu aliutazama ubao,
akakung'uta vumbi kwenye kofia, upande huu, upande huu.
"Yale yalikuwa ya Jumamosi ile, mwenyekiti."
Akaivaa, akatoka.
Siwema aliiacha saa imalizie dakika zake zote mbili
nasi tukiwa kimya.

Plaiwudi bado iko ukutani.
Chaki imepita juu yake mara nyingi:
michango ya msiba, binti wa mtu na ada,
mpira, mpira, choo cha uani.
Nafasi ikiisha tunafuta.
Tunafutia chini ya mstari wa kwanza.