Mstari Uliokatwa

Saa tisa alasiri, Tartu, na giza limeshabisha hodi.
Novemba huku haina haya: hula mchana
na sahani ikalamba.
Nimevua glavu za baridi, nimevaa za pamba,
maana jasho la kidole, anasema Bi Vaike wa nyaraka,
ni tindikali yenye subira.

Somo letu ni Historia ya Saikolojia,
Jumanne na Alhamisi, chumba chenye bomba la joto linalokohoa.
Mhadhiri Pärnoja huchora mstari ubaoni
kama kamba ya kuanikia nguo,
kisha anaanika mabwana:
ndevu, mwaka, nadharia.
Ndevu, mwaka, nadharia.
Taavi nyuma yangu anapiga miayo
na mimi naipokea, miayo haina mwenyewe.
Saikolojia ilizaliwa lini? litauliza swali la mtihani,
na jibu ni tarehe,
kana kwamba kabla ya hapo hakuna aliyewahi kujiuliza
kwa nini moyo huutangulia mguu mlangoni.

Daftari ni la Kijerumani, la mwaka themanini na tisa,
karne ile nyingine, wino umegeuka chai.
Jaribio: taa inawaka, mtu anabonyeza kitufe.
Kati ya mwanga na kidole kuna kinafasi;
waliamini nafsi imejibanza humo,
wakaivizia kwa saa ya shaba
igawayo sekunde vipande elfu.
Wapimwa: Daktari H. Mwanafunzi von S.
Na J., bila cheo, bila neno mbele wala nyuma.
Nimempata kwenye orodha ya mishahara:
Jaagup, kuni na majivu, rubli nne.
Mkono wa shoka, lakini mwepesi kuliko wa mabwana.
Mia moja sabini na tano. Mia moja sabini na moja!
Nilimshangilia kimya kimya, kama mpirani.

Kisha tarehe kumi na nne Februari:
mia nne na sita.
Mia tano na tisini.
Mara moja hakubonyeza kabisa.
Wino mwekundu umepita juu ya tarakimu zote,
na pembeni, mwandiko wa bwana:
Hakuzingatia. Asihesabiwe.

Chini yake, kwa penseli,
kwa lugha yetu, wakati ule lugha ya kubebea kuni,
maneno matatu yanayoyumba:
tumemzika Leenu jana.

Nani aliandika? Bi Vaike anainua mabega.
Leenu ni nani? Mabega tena.
Mimi najua tu kwamba ardhi ya Februari huku
huanza kuchimbwa kwa shoka.

Wastani wa mwezi ule ulichapishwa:
mia moja themanini na moja,
umenyooka kama shuka la mgeni.
Uchungu wa mwana aujua mzazi, sawa,
lakini saa ile nayo iliujua.
Saa haikukosea.
Chumbani mle, kati ya watu wote wenye elimu,
ni shaba peke yake iliyosema:
huyu leo yuko mbali,
mwanga unamfikia kwa kuchelewa.
Walimwamini kila siku ila siku hiyo.

Nimefunga daftari, nimeurudisha utepe wake.
Sijui mhadhiri atalipokea vipi jibu langu,
halina ndevu.

Nje theluji ya kwanza, nyepesi, haijaamua.
Kwenye kivuko karibu na daraja la Mto Mama
mtu mwekundu kwenye taa amekuwa wa kijani.
Mzee mwenye mbwa amenipita.
Msichana na baiskeli yake amenipita.
Kijani kinapepesa,
na mimi bado nimesimama, kidole ndani ya glavu
kikibonyeza hewa.