Ndege Asiye na Droo

Saa kumi na moja na robo alfajiri. Rondo kuna baridi ya kuuma masikio.
Nyavu tumezikunjua gizani, kati ya mivule michanga
na ule upande ulioungua mwaka juzi.
Dokta Kokuhirwa anapulizia kalamu yake ipate joto.
Mimi nasikiliza. Sikio ndilo lililonipatia kazi hii,
cheti changu cha darasa la saba hakuna aliyekiuliza.

Kwanza wanapita wale wadogo, gramu saba, gramu nane,
kundi la mchanganyiko kama watu watokao mnadani:
mmoja anapekua magome,
mwingine anageuza majani aone chini kuna nini,
wa tatu hafanyi kitu, anafuata tu wenzake
na kudaka wadudu waliokurupushwa.
(Kila kijiji kina mtu huyo.)
Chozi hawamo. Chozi ni wagomvi, wana maua yao.

Halafu, kutoka kichaka ambacho hata panga hukwama,
yeye.
Haonekani. Anaanza kwa kusitasita
kama mtu anayekumbuka deni, kisha anamwaga yote,
filimbi, mkwaruzo, kejeli,
sauti kubwa kuliko kifua kilichoibeba.

Saa moja kasoro dakika kumi tunamkuta wavuni.
Kijani mgongoni. Madoa ya manjano bawani
kana kwamba alipita karibu na mtu anayepaka rangi.
Mdomo mnene, ncha yake ndoano.
Anang'ata kidole changu cha shahada na haachii.
Gramu hamsini na moja.

"Zamani," anasema Dokta, rula ikiwa ubawani,
"walimlaza droo moja na shore,
kwa sababu ya ukijani huu na manyoya laini.
Baadaye mtu akautazama mdomo,
akamhamishia kwa tiva.
Akakaa huko miaka, lebo imefungwa mguuni kwa uzi,
mgeni kwa hawa, mgeni kwa wale.
Sasa damu yake imesomwa. Si shore. Si tiva.
Ana ukoo wake, na ndugu wawili tu Afrika nzima."

Nikauliza damu inasomwaje.
Akanionyesha tone, dogo kuliko punje ya ufuta.
"Humu mna sehemu isiyopitia kwa baba.
Mama humpa binti, binti humpa mwanawe.
Hiyo ndiyo waliyoanza kuisoma."

Nilicheka mpaka ndege akashtuka mkononi.
Dokta kwao Bukoba, ukoo hufuata baba;
akadhani sijaelewa.

Baba yangu alikuja Rondo kupasua mbao, akitokea Peramiho,
akaondoka na lori la mvule, mimi ningali natambaa.
Shuleni waliniita Mngoni, kwa ajili ya paji la uso.
Peramiho nilifika mara moja. Shangazi akasikia lafudhi yangu,
akawaambia wenzake, "Mmwera wa korosho huyu."
Lakini siku ya kugawa mikorosho
mjomba Nangumbi hakutazama paji, hakusikiliza lafudhi.
Aliuliza, "Huyu alitoka tumbo la nani?"
"La Somoe."
"Basi ile mitatu ya kando ya shimo ni yake."

Hakuhitaji tone.

(Mmoja kati ya ile mitatu hauzai. Sijaukata.)

Tukamvisha pete, namba ikaingia daftarini.
Kwenye safu ya familia Dokta akaandika jina refu la Kilatini,
kwa mwandiko wa kubembeleza.
Safu ya maelezo akaniachia mimi.
Niliwaza kuandika mengi. Niliandika: Anang'ata.

Nilipofungua kiganja alikaa kidogo,
labda akidhani bado ameshikwa.
Kisha kichaka kikammeza.
Tulikuwa tumeanza kukunja nyavu
aliposema tena, kwa kusitasita,
akianzia mwanzo.