Chupa Iko Wazi

Saa tatu asubuhi. Mvua imeishika Kadutu
tangu jogoo wa kwanza. Ngazi za udongo
zimegeuka mto, na mto hauulizi njia.
Nimefuta meza, nimepanga sindano,
nimesoma kipimajoto cha friji: nyuzi nne.
Wiki hii umeme umetutoroka mara mbili;
tuliihamishia chanjo kwenye glasiere usiku,
kwa mwanga wa simu,
kama watu wanaohamisha mgonjwa.

Anaingia mama mmoja. Mmoja tu.
Nsimire, muuza sambaza, kitenge kinanuka ziwa,
mtoto mgongoni chini ya mfuko wa plastiki,
katimiza miezi tisa jana.
"Dada, nimefuata ile ya homa ya manjano. Ya mbu."
Anatamka mbu
kama anayemtaja mdai wake.

Chupa ni ya watoto kumi.
Ndani, unga mdogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho.
Ukishautia maji yake, saa zinaanza kukudai:
sita, basi. Baada ya hapo ni takataka.

Nilipokuwa mwanafunzi, mkubwa wangu alisema:
subiri watimie, usimwage mali ya watu.
Nikasubiri. Watatu niliwaambia warudi Alhamisi.
Wawili walirudi.
Wa tatu yumo bado katika daftari la zamani:
Mweze, wa Cimpunda, mstari mmoja,
kisanduku kitupu.
Pengine walihama. Pengine ni kijana sasa, anapiga mpira
na kuvunja vioo vya watu.
Sikuuliza.
Kisanduku hakina mdomo, ila kina macho.

Navunja shingo ya ampuli.
Naandika kwenye lebo: saa tatu na robo.
Mtoto wa Nsimire analia kilio kifupi,
cha mtu aliyedanganywa na rafiki,
kisha anaiona pamba
na anataka kuila.

Zimebaki tisa.

"Papa Birindwa, chukua spika, shuka sokoni.
Usiwasomee maneno ya semina.
Sema tu: chupa iko wazi."
Spika yake inakohoa kuliko yeye.
Naisikia ikiteremka kati ya vibanda vya bati,
chu-pa, chu-pa,
mpaka mvua inaimeza.

Saa nne, hakuna. Saa tano, hakuna.
Saa sita kasoro, mapacha wa muuza makaa,
weusi mpaka kope; nafuta mkono mmoja,
unatokea mwingine, mpya, chini yake.
Bibi na mjukuu: kadi iliungua na nyumba,
ila tarehe anayo kichwani, pamoja na bei ya mbao.
Baba mmoja, mkewe yuko Kamituga,
kambeba binti kifuani kama kilo tano za sukari,
ananibishia huku akikunja kishati chake:
"Huku kwetu kuna baridi. Mbu wenyewe wawili watatu."
"Shangazi yake anakaa wapi?"
"Uvira."
Ananyamaza. Uvira kuna joto, naye anajua
nani hulia usiku masikioni mwa wageni.

Kisha wanne kwa mkupuo, mama zao
wamejifunika turubai moja, miguu minane inayogombana,
na Papa Birindwa nyuma yao, kalowa,
kimya, betri zimekwisha,
anacheka.

Saa tisa. Dozi moja chini ya chupa.
Nasimama mlangoni. Natazama ngazi.
Saa tisa na robo.

Naitupa. Siombolezi.
Naandika: waliochanjwa, tisa. Iliyopotea, moja.
Mkono ulitaka kuandika Mweze,
nikauzuia, nikafunga daftari.

Mvua imekatika. Nsimire anapita na beseni,
mtoto kalala, mkono wenye sindano umening'inia nje ya kitenge.
Ananiuliza kama nachukua sambaza za jioni.
Za faranga elfu mbili, namwambia.
Ananiongezea kiganja kizima, bila kuhesabu.