Kiwiko Namba Saba

Nje, Nisku, baridi ya Februari inauma hadi menoni.
Ndani tumekijaza kiwiko maji, tukakibana
mara moja na nusu ya kazi yake.
Saa nne nzima mshale wa geji haukutikisika,
wala chuma hakikutoa jasho.

Bi Kowalchuk akavua glavu, akaupapasa mhuri
kama anayetafuta mshipa wa mgonjwa.
Tarakimu moja haikulingana na cheti.
"Kimestahimili," nikamwambia.
"Leo,"
akasema, akakipaka rangi nyekundu.

Kanuni haina haya: kiungo
kisizidiwe nguvu na bomba kinaloliunga.

Usiku navua koti. Kiwiko changu mwenyewe
kinaalika kila nikikikunja.
Miaka kumi na tisa ya spana.
Mhuri wake nautafuta,
naona kovu tu.