Kano ya Baba

Wollongong, Julai, upepo wa baridi kutoka kusini.
Kalina aliruka, akaudaka mpira wa pete,
akatua kwa mguu mmoja. Hakuna aliyemgusa.
Nilikuwa kwenye uzio na chupa ya chai,
nikasikia: to!
kama kijiti cha mkaratusi mkavu.

Miaka kumi na miwili. Daktari Halloran
hakuanza na goti. Alitaka picha ya mkono wa kushoto,
akahesabu mapengo kati ya vifupa vya vidole.
"Mifupa yake ina miaka kumi na mmoja," akasema.
"Safari ya kukua bado." Akamgeukia mama mtu:
"Wewe una urefu gani?"
Stojna akasimama wima,
kana kwamba angepimwa palepale.

Mimi ni seremala. Kekee naijua.
Nimetoboa mwaloni, nimetoboa mkangazi,
lakini sijawahi kutoboa mti
nikitaka uendelee kukua.

Daktari akachora juu ya shuka la karatasi:
huu mfupa wa paja, huu muundi,
na hapa, mstari mwembamba kama ule wa gundi
kati ya mbao mbili,
ndipo urefu unapotengenezwa.
Kekee ikikosea hapa,
mguu mmoja utamwacha mwenzake njiani.
Kwa hiyo tutapita kando, ndani ya kichwa cha mfupa,
bila kuugusa mstari.

Na tukingoja akue kwanza?
"Goti linalochezacheza halingoji.
Litaitafuna mito yake lenyewe."

Samaki mkunje angali mbichi, husemwa.
Aliyesema hakuwa na binti wa kupasuliwa.

Kano mpya itoke wapi? Zake nyembamba,
kamba za viatu.
Mzazi anaweza kutoa, wakasema.
Stojna akanyoosha mkono.
Mimi nilishaanza kuvua suruali.

Siku moja, vyumba viwili, ukumbi mmoja.
Wakachuna kano nyuma ya paja langu,
wakaipitisha mlangoni kwenye bakuli la chuma.
Jioni akaamka, ulimi mzito:
"Baba, sasa nina goti la mzee?"
"La mzee, ndiyo. Lakini halina deni."

Mwaka mzima sikuthubutu kuugusa mwimo wa mlango wa jikoni
wenye alama zake za penseli tangu alipoanza kusimama.
Nilishuka ngazi za kazini kwa kuchechemea,
naye alihesabu kuchuchumaa, thelathini, arobaini,
akitukana kwa Kimasedonia, lugha ya bibi yake.

Jana alikuja peku, akaegemea mwimo.
"Pima."
Sentimita nne na ushei.
Mkono wangu ukatafuta kitu kingine:
pimamaji, ile ndefu ya rafu.
Nikailaza juu ya mifupa ya nyonga zake, kushoto na kulia.
Kiputo kikaenda huku, kikarudi,
kikasita,
kikatulia katikati.

"Baba, toa hicho chuma. Kina baridi."

Sikukitoa upesi.