Mwani Mpwapwa

Umekuja kwa basi, ndani ya kopo la maziwa,
umekaushwa, umesagwa, kijani cha mlenda mkavu.
Mama mkwe nusura auunge kwa karanga.

Ni wa mbwa, mama. Wa meno.

Siwajui analinda zizi mwaka wa tisa.
Bwana mifugo Ndahani alimpanua kinywa, akageuza uso:
ukoko kama wa sufuria ya shughuli.
Nusu kijiko, basi, juu ya ugali wa uwele, kila jioni.

Paka alinusa, akapiga chafya,
akaondoka na meno yake na heshima yake.

Wiki ya saba. Ukoko umelegea,
kidogo, wala sitii chumvi.

Bahari sijawahi kuiona.
Lakini usiku Siwajui akinihemea usoni,
chini ya uvundo ule ule
kuna kitu kibichi, kigeni.
Namwambia: tena.